Ukitaka Kuwaona Ndege Wahamaji Dar, Anza na Maji ya Bahari

Ikifika Agosti simu yangu huanza kupokea swali lilelile: "Dada, wameshafika?" Anayeuliza huwa amenunua darubini juzi Kariakoo, au ameletewa na shemeji kutoka ng'ambo, naye anataka aambiwe Jumamosi aende wapi na saa ngapi. La wapi ni jepesi. Hilo la saa ngapi ndilo lililonizungusha msimu mzima wa kwanza, na kwa kuwa sijaona mahali lilipoandikwa kwa ajili yetu wa Dar, acha nieleze lilivyonikuta.

Mimi ni mhasibu. Mambo ya ndege nimeyaingia ukubwani, kwa kufuatana na rafiki aliyekuwa akienda kuwatazama kampasi ya Mlimani kila Jumapili. Kule kwenye miti mambo yalininyookea haraka: unaamka kabla ya jua, unasikiliza, unatazama, ikifika saa tatu ndege wametulia nawe unakwenda kunywa chai. Nikaona basi na ufukweni ni vivyo hivyo. Vitabu navyo vilikuwa vinasisitiza alfajiri, alfajiri.

Sasa pwani ya Dar inatazama mashariki. Ukisimama Coco Beach saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua linakuja usoni moja kwa moja juu ya maji yanayometa, na kila ndege aliye mbele yako anakuwa kivuli cheusi chenye miguu. Utaona mdomo ni mrefu, basi. Rangi ya kifua, ya mgongo, ya miguu, yaani vile vitu vyote ambavyo kitabu kinataka uviangalie, havionekani. Tena siku nyingine nilikuta maji yamejaa hadi kwenye mawe, hakuna hata ndege mmoja. Nyingine yamekupwa mbali mno, ndege wamebaki nukta kwenye tope. Nauli za bodaboda kutoka Mbezi alfajiri si za mchezo, na nilikuwa narudi na daftari jeupe. Nilifikia kuamini kwamba hao ndege wahamaji wanapita kwingine, labda Bagamoyo, labda Rufiji, ila si hapa kwetu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mvuvi wa Kunduchi Mtongani, niliyemkuta anashona nyavu chini ya mkungu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Samaki wameshakwisha."

Nikamwambia sikufuata samaki, natafuta ndege, wale wadogo wanaokimbiakimbia kwenye mchanga. Akaacha uzi wake.

"Mwezi leo una siku ngapi?"

Sikujua.

"Unakuja baharini hujui mwezi una siku ngapi? Leo maji mafu, hayaendi hayarudi. Hao vitwitwi wako wamekaa popote wanapotaka. Njoo bamvua. Na uje mchana, mambo ya asubuhi waachie wenye nyavu."

Nilirudi bamvua iliyofuata, mchana kama alivyosema, na siku hiyo niliandika kurasa. Maelezo yake niliyaelewa baadaye nilipokaa na jedwali la maji. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapokuwa mchanga na unapokuwa mpevu. Kwa pwani yetu, siku hizo maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa kabisa mnamo saa kumi alasiri, na tofauti kati ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo baada ya wiki, yakiwa maji mafu, mambo yamegeuka: yanajaa saa nne na kupwa saa kumi, tena kwa unyonge.

Fikiria hiyo ina maana gani kwa ndege anayekula minyoo na kaa kwenye tope. Siku ya bamvua saa nne asubuhi, tope lote kuanzia mlango wa mto Msimbazi liko wazi, na ndege wametawanyika hadi mwisho wa macho yako. Kuanzia saa sita maji yanarudi, yanawasukuma. Kufikia saa nane wamebanwa kwenye kipande cha mwisho kilichobaki, karibu na wewe, na jua sasa limehamia magharibi, liko mgongoni kwako na linawamulika wao. Hapo kama hujawaona hutawaona tena. Mnamo saa tisa na nusu wanaruka kwenda kupumzikia mahali pakavu, na wewe unafunga begi.

Jua la saa nane la Dar linachoma, sitakudanganya. Kofia, maji lita moja na nusu, nguo ya mikono mirefu. Joto linaichezesha hewa iliyo juu ya mchanga, na picha ndani ya darubini nayo inacheza. Dawa yake ni kusogea karibu badala ya kuongeza ukuzaji. Kukaa chini kunasaidia dhidi ya upepo wa kusi, ambao Agosti bado una nguvu, na ndege nao hawamhofii mtu aliyekaa kama wanavyomhofia aliyesimama. Kama huna uwezo wa mchana, zitafute zile siku tatu nne kabla ya bamvua, maji yanapokupwa alfajiri na kurudi taratibu asubuhi, kisha uchague mahali pa kusimama ambapo jua halitakuja usoni, mathalani ndani ya mikono ya bahari na mikoko ya Kunduchi au Mbweni. Kabla ya kupanga Jumamosi yoyote fungua jedwali la maji. Limo kwenye simu, na mvuvi yeyote analo kichwani.

Kuhusu wapi, nitapita haraka. Mlango wa Msimbazi, kati ya daraja la zamani la Salender na lile jipya la Tanzanite lililofunguliwa 2022, ndipo karibu zaidi kwa mtu wa mjini, ila mto ule unabeba uchafu wa jiji zima. Tazama ukiwa pembeni, usijitie kwenye tope lake. Kunduchi, Ununio na Mbweni kuna mikoko na mchanga mpana. Ukivuka Kigamboni ukashuka kusini hadi upande wa Gezaulole unapata tope safi na watu wachache. Fungu Yasini, lile fungu la mchanga kaskazini ya Mbudya, ni mahali pa buabua na shakwe wanaopumzika, lakini limo ndani ya hifadhi ya bahari pamoja na Mbudya, Bongoyo na Pangavini, kwa hiyo kuna kiingilio na kuna boti ya kukodi. Gawaneni nauli watu sita ndipo itavumilika. Popote utakapokanyaga majini, vaa viatu na uburute miguu badala ya kuinyanyua, maana taa hulala chini ya mchanga na mwiba wake hausahauliki.

Sasa niseme juu ya hao waliofika, kwa sababu kuwaona ni nusu tu ya kazi.

Ndege ambaye mimi hupimia msimu ni yule kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kwenda chini, vitabuni Calidris ferruginea. Ana gramu 60 hivi. Anazaliana kwenye tundra, ile nyika ya baridi isiyo na miti, ya Siberia, upande wa rasi ya Taimyr, ambako kiangazi ni kifupi mno hata ifikapo Julai wakubwa wengine wameshaanza safari. Akiwa kule kifua na tumbo lake ni vyekundu vya tofali. Akiwa kwetu katikati ya msimu ni wa kijivu juu na mweupe chini. Agosti unamkuta katikati ya mabadiliko. Namkumbuka mmoja pale Kunduchi, amesimama kwenye maji ya vifundo, ananing'iniza kichwa na kuchokonoa tope kwa pigo za harakaharaka. Mabaka mekundu yamebaki tumboni kama ukuta uliobanduka rangi, na ncha za manyoya ya mabawa zimechakaa, zimekatikakatika. Aligeuka pembeni, upepo ukamfunua kiunoni, nikaona ule weupe unaomtenganisha na wenzake. Huyo alikuwa mgeni wa wiki hiyo, halina ubishi.

Nasema halina ubishi kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukienda ufukweni Juni utawakuta vitwitwi. Julai utawakuta. Mzee wa Kunduchi aliwahi kuniambia, "Hao wapo mwaka mzima," nikadhani anachanganya na ndege wengine. Yuko sahihi. Vijana wengi wa mwaka uliopita hawarudi kaskazini msimu wao wa kwanza wa kuzaliana; wanabaki pwani ya Afrika, wakiwa na nguo zao za kijivu zilizofifia, wakila tu. Kwa hiyo mtu anayeandika katikati ya Julai "wa kwanza amefika" na kupiga vigelegele huenda amemwona mwenyeji wa mwaka mzima. Siku hizi kwenye kikundi chetu hatupokei taarifa ya "wa kwanza" bila hali ya manyoya. Anayeleta taarifa aseme: ana wekundu au hana? Mabawa yamechakaa au hayajachakaa? Wangapi wana wekundu kati ya wote? Mwanzoni watu walinuna, wakaona tunawafanyia mtihani. Sasa wameona faida yake, maana ukizipanga taarifa hizo kwa wiki unaliona wimbi lenyewe: wekundu wanaongezeka Agosti, wanafifia Septemba, halafu wanaingia wa aina ya tatu.

Hao wa tatu ni watoto. Mgongo wao una mistari safi kama pindo, kila unyoya na wa kwake, na kifua kina rangi ya chai ya maziwa iliyopauka. Wanafika Septemba na Oktoba, nyuma ya wazazi wao, kwa sababu wazazi waliondoka Siberia wakiwaacha. Hakuna aliyewaonyesha njia. Mtoto wa miezi mitatu amevuka bara zima akashuka hapo kwenye tope la Msimbazi, na pembeni yake daladala zinapiga honi kuelekea kituo cha Morocco. Hilo jambo mimi sijalizoea hadi leo.

Mlinganishe na mla kaa, Dromas ardeola, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Yeye haendi Siberia. Anazaliana kwenye visiwa na fukwe za Ghuba ya Uajemi, Omani na Bahari ya Shamu, ndani ya mashimo anayochimba kwenye mchanga, na hutaga yai moja tu. Anapokuja kwetu kuanzia Agosti anakuja na mwanawe. Kaa utazame kundi lao upande wa Kigamboni: mkubwa anatembea, anasimama, anakimbia hatua chache, anachoma. Kaa anatikiswa mpaka miguu inadondoka, kisha kiwiliwili kinamezwa. Nyuma yake kijana wa kijivu anamfuata akipiga mluzi wa kulalamika bila kukoma, ameinama, anaomba. Ana mabawa ya kumvusha bahari, lakini kaa bado anataka kukamatiwa. Wanawake tuliokuwa pale siku hiyo tulitazamana tukacheka, kila mmoja alikuwa na wake nyumbani.

Kuna ndege wawili ambao nakushauri usigombane nao mwaka wa kwanza: vitwitwi wa mchanga, mkubwa na mdogo. Vitabu vinakupa urefu wa mdomo na urefu wa miguu, lakini ndege mmoja peke yake kwenye mchanga mtupu hana cha kulinganishwa naye. Subiri mpaka wasimame wote wawili pamoja, au andika "kitwitwi wa mchanga, hakutambulika" na uendelee. Daftari ambalo lina "hakutambulika" kadhaa mimi huliamini kuliko lile ambalo kila ndege ana jina. Wapo wenzetu wanaoona aibu kuandika hivyo. Sijui aibu inatoka wapi. Hata benki ina mstari wa fedha ambazo mwenyewe hajajulikana.

Fedha zenyewe. Darubini za bei nafuu zinazouzwa mitaani zikiwa zimeandikwa zinakuza mara 50 usizinunue. Mwenzetu mmoja alitoa 45,000 akapata ukungu na kichwa kumuuma. Tafuta iliyoandikwa 8x42: 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na huo upana ndio unaoingiza mwanga. Yangu niliinunua imetumika, kwa 350,000, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Watu wanaohama huuza vitu vizuri kwa bei ya kutupa, uliza mapema. Teleskopu ya kikundi tuliichangia kidogokidogo mpaka ikapita milioni moja, na mchango ule ulikaribia kutuvunja, kwa sababu hatukuandika mwanzoni itakaa kwa nani na akiipoteza nani atalipa. Andikeni. Jambo jingine ambalo duka halitakuambia ni kwamba unyevu wa Dar huotesha kuvu ndani ya vioo. Ukirudi futa chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kausha, kisha fungia kwenye kopo lenye vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Majirani zangu wote wananiwekea.

Gharama ambayo haina risiti ni ya kushukiwa. Kuna sehemu moja ya ufukwe, sitaitaja, ambako tulikuwa wanne na teleskopu imesimama kwenye miguu yake mitatu. Wakaja walinzi. Mnapima nini? Mnapiga picha nini? Nani kawatuma? Tuliwaeleza ndege, wakatazama tulikoelekeza, hawakuona ndege, kwa sababu kwa macho matupu ndege wale ni rangi ya mchanga. Tulikaa kwenye benchi lao mpaka maji yakajaa na siku ikaharibika. Mwenzetu mmoja kijana alilia, si kwa woga bali kwa hasira, maana alikuwa ameomba ruhusa kazini. Walipotuachia walitushauri kwa upole kabisa, na ushauri wao ndio tunaoufuata tangu hapo: kabla ya msimu nenda ofisi ya serikali ya mtaa wa eneo lile, jitambulishe, upate barua yenye muhuri inayoeleza mnafanya nini na mtakuwepo siku zipi. Penye wavuvi, mfuate pia mwenyekiti wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za pwani, wenyewe wanakiita BMU. Usielekeze lenzi kwenye majengo ya serikali, bandari wala vyombo vya ulinzi, hata kama ndege amekaa juu yake. Na mlinzi akija, mkaribishe atazame kwenye teleskopu kabla hajauliza. Hilo limetuokoa zaidi ya barua. Mmoja alimwona mla kaa akimeza kaa wake, akawaita wenzake, na mpaka leo hutupigia simu wakishafika.

Vibaka nao wapo, hasa ufukwe ukiwa mtupu wakati wa maji kupwa. Msiende chini ya watu watatu, mmoja abaki akitazama watu wakati wengine wanatazama ndege. Simu mfukoni.

Sasa suala lililonigusa kama mhasibu. Msimu mmoja tulijigawa: kundi moja mlango wa Msimbazi wakati wa kupwa, kundi jingine likahesabu jioni kwenye mahali pa kupumzikia upande wa pili wa ghuba ya Msasani. Jumla ikatoka kubwa, watu wakashangilia, mtu akataka kuipeleka kwa watafiti. Nikauliza ndege waliokuwa Msimbazi saa sita walikwenda wapi maji yalipojaa. Kimya. Inawezekana kabisa ndege walewale waliingizwa mara mbili, kwenye daftari la kula na kwenye daftari la kulala. Tuliifuta jumla ile, na wapo walioniona nimewaharibia sherehe. Tangu hapo tunahesabu vituo vyote saa ileile, na tunapenda zaidi kuwahesabu wakiwa wamepumzika maji yamejaa, kwa kuwa wamekusanyika na hawatembei. Kundi kubwa halihesabiwi mmojammoja: hesabu 10 kwa uangalifu, kariri macho yako yanavyoiona hiyo 10, kisha ipime juu ya kundi zima kipande kwa kipande. Rudia kutoka upande wa pili. Namba mbili zikipishana sana, anza upya, na uandike zote.

Tunazituma kwenye eBird, hazina ya mtandaoni ya taarifa za ndege, ambayo Chuo Kikuu cha Cornell kilishirikiana kuianzisha 2002, na ambayo mtu yeyote anaweza kuijaza kwa simu yake bure. Ukijaza, weka muda ulioanza, muda uliotumia na kama umeandika ndege wote uliowaona au wale tu waliokuvutia. Bila hivyo namba yako haina kazi kwa mtu mwingine. Ukiona ndege mwenye pete au kibendera cha rangi mguuni, acha mengine yote: mguu gani, juu ya goti au chini, rangi kwa mpangilio kutoka juu, herufi kama zinasomeka. Piga picha hata kama ni mbovu.

Na tafadhali usiwarushe. Kuna mtindo umeingia, mtu anatuma mtoto akimbie kwenye kundi ili apate video ya ndege wakiruka wote kwa pamoja machweo yakiwa nyuma. Ndege aliyetoka Siberia ametumia mafuta yote ya mwilini; kila mruko wa bure anaulipia kwa kula ambako maji tayari yamemfungia. Tuna kunguru wa Kihindi wanaowasumbua kutwa, wanatosha.

Oktoba kazi inahamia nchi kavu, na hapo alfajiri inarudi kuwa rafiki. Mbayuwayu wa Ulaya wanajipanga kwenye nyaya za umeme. Ukiishi Tegeta au Mbagala huna haja ya kwenda popote. Keremkerem unawasikia kabla hujawaona, juu sana, sauti yao ya kuviringika ikishuka juu ya foleni ya Mwenge. Hapa pana mtego mwingine: keremkerem wa kijani unaowaona pwani wakati wa kipupwe, Juni na Julai, huenda wamekuja kutoka Madagascar, na wale wenye mashavu ya buluu kutoka Asia wanaingia baadaye, wao wakija wenzao wanaondoka. Tazama utosi: wa Madagascar una rangi ya hudhurungi, wa Asia ni wa kijani. Kwenye miarobaini ya Mlimani kuna vidude vya gramu 10 vinavyorukaruka majanini, vya kijani kilichofifia, ambavyo vimetoka misitu ya Ulaya na Urusi; hivyo navyo vinataka uvumilivu na shingo. Jumamosi ya pili ya Oktoba ni siku ya ndege wahamaji duniani, na ndiyo siku nzuri ya kumwalika mgeni, kwa kuwa wa pwani na wa bara wote wapo.

Mwisho kabisa huja kozi wa Amur. Anatoka mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, anapita India, kisha anavuka bahari bila kutua, zaidi ya kilomita 3,000, hadi Afrika Mashariki, na anaendelea kusini. Huku kwetu mtafute mwishoni mwa Novemba na Desemba mvua za vuli zikishanyesha na kumbikumbi wakitoka. Hana ratiba ya bamvua, yeye anafuata mawingu. Mvua ikikatika mchana, panda ghorofani au simama uwanja wowote ulio wazi, tazama juu kwa nusu saa. Mara nyingi hutaona kitu. Siku wakipita, wanapita kwa makumi, mabawa membamba, wakikamata wadudu kwa makucha na kula hukohuko hewani.

Baada ya hapo teleskopu yetu inarudi kwenye kopo lake mpaka Januari, inapofanyika hesabu ya ndege wa majini ya Afrika nzima. Anayetaka kushiriki asisubiri Januari ndipo ajifunze. Aanze bamvua za Septemba, aje mchana, na kofia.